Uamsho wa Gahini: dhambi zilizotajwa na ile iliyobaki gizani

Mwishoni mwa Desemba 1933, Wakristo wa Gahini, juu ya ziwa Muhazi mashariki mwa Rwanda, walikuwa wamemaliza siku kadhaa za mafundisho ya Biblia. Yaliyopangwa yote yalikuwa yamefundishwa, na hapakuwa na badiliko lolote la kutaja. Ilibaki ibada ya maombi ya kufungia. Kila mtu akidhani sasa wanaagana, Mnyarwanda mmoja akasimama akaungama dhambi yake mbele ya wote. Akafuata mwingine. Kisha wakawa wanasimama wawili watatu kwa pamoja, kila mmoja akingojea nafasi ya kusema. Iliendelea hivyo kwa muda wa saa mbili na nusu. Hakuna mhubiri aliyewaita mbele, wala wimbo uliopangwa kuwalainisha.

Hapo ndipo wengi huanzia kuusimulia Uamsho wa Afrika Mashariki. Watoto wa uamsho huo wako kila mahali: Walokole wa Uganda, ndugu wa ushirika wa uamsho Kenya, Walutheri wa Bukoba na Waanglikana wa Dodoma wanaoimba Tukutendereza hata kama Kiganda hawakijui. Nimekichagua kisa hiki kwa sababu tuna miaka mingi ya kukitazama. Mikutano mingi tunayoiita uamsho huisha Jumapili jioni, jukwaa likabomolewa, na baada ya hapo hatuna namna ya kujua nini kilitokea kwa watu waliolia pale mbele. Gahini tunajua nini kilifuata mwaka uliofuata, miaka 10 baadaye, na hata miaka 60 baadaye. Mengine yanatia moyo sana. Mengine yanaumiza, na Mkristo anayeomba uamsho katika usharika wake hana budi kuyatazama yote mawili.

Tuanze na hali ilivyokuwa kabla. Daktari Joe Church, kijana wa Kiingereza aliyesoma Cambridge, alifika Gahini mwaka 1928 kufanya kazi katika hospitali ya Ruanda Mission, tawi la CMS (Church Missionary Society), shirika la kimisionari la Kianglikana. Alipokelewa na njaa. Njaa ya mwaka 1928 na 1929, ambayo Wanyarwanda waliiita Rwakayihura, iliua watu wengi upande ule wa mashariki, na wengine walihama na familia zao kuelekea Uganda. Hospitali ikazidiwa. Church akachoka mwili na roho, na Septemba 1929 alipokwenda Kampala alikuwa mtu aliyekauka.

Huko, kwenye kilima cha Namirembe, akakutana na Simeoni Nsibambi. Huyu alikuwa Mganda mwenye elimu, aliyehudumu jeshini wakati wa vita vya kwanza vya dunia, na mwenye kazi nzuri katika idara ya afya. Alikuwa ameokoka miaka kadhaa kabla. Akamwambia daktari kwamba Kanisa la Uganda limepungukiwa na kitu, na kwamba yeye mwenyewe amepungukiwa nacho. Wakakaa siku mbili wakisoma Biblia juu ya Roho Mtakatifu, wakaomba, wakatubu. Muda si mrefu mmisionari mmoja akamwuliza Church amemfanya nini Nsibambi, maana sasa anazunguka mji akiwauliza watu kama wameokoka. Nsibambi akaacha kazi ya serikali akawa mwinjilisti.

Tulitazame lile Kanisa alilolilalamikia. Wamisionari wa kwanza wa CMS walifika Buganda mwaka 1877. Miaka ya 1885 hadi 1887 vijana wa ikulu ya Kabaka Mwanga walichomwa moto kwa ajili ya imani. Lakini kufika 1929 wajukuu wa kizazi kile walikuwa ndio machifu, makarani na walimu. Ubatizo ulikuwa mlango wa shule, na shule mlango wa cheo. Makanisa yalijaa. Watu walikuwa na majina ya Biblia, na nyumbani mtu ana mke wa pili, mganga wake wa siri, na pombe haikauki. Mchungaji alijua, wazee wa kanisa walijua, na wote walikutana mezani pa Bwana. Ninasisitiza hili kwa sababu tumezoea kuamini kwamba kinachozuia uamsho ni upinzani kutoka nje. Uganda ya miaka ya 1920 haikuwa na upinzani wa kutaja. Kanisa lilikuwa na heshima zote, na ile heshima ndiyo iliyofanya iwe vigumu kwa mtu kusema mbele ya wenzake, "Mimi ni mwizi."

Sasa turudi Gahini, kwa mtu ambaye kwangu ndiye ufunguo wa kisa chote: Yosiya Kinuka. Alikuwa mkuu wa wahudumu wa Kiafrika pale hospitalini. Hali kati ya wahudumu na wamisionari ilikuwa mbaya. Kulikuwa na uvivu, manung'uniko na chuki ya chini chini. Mwaka 1931 Kinuka akaenda Kampala, akamweleza Nsibambi jinsi hospitali ya Gahini ilivyoharibika. Yeyote kati yetu angetarajia Nsibambi amfariji, au ampe shauri la namna ya kuwarekebisha wale wengine. Nsibambi akamgeuzia swali: shida ya hospitali ile inaanzia kwenye dhambi iliyo moyoni mwako wewe. Kinuka alikasirika kwanza. Njia ya kurudi Rwanda ni ndefu, na njiani humo akayaweka maisha yake mikononi mwa Kristo. Alipofika akaanza kutengeneza mambo na watu aliokosana nao, na wenzake wakaona kwamba aliyerudi si yule aliyeondoka.

Hapa pana alama ya kwanza ya uamsho wa kweli, na naiona ikirudi katika kila hatua ya kisa hiki. Roho wa Mungu alimshika kila mtu kwenye jambo lake. Nsibambi aliyelalamikia Kanisa alianza na nafsi yake. Kinuka aliyelalamikia hospitali alirudishwa kwa nafsi yake. Joe Church naye, mzungu na bosi, ilimpasa ajifunze kuomba radhi kwa watu aliowasimamia, na wamisionari wengine baada yake wakakiri hadharani kwamba walikuwa wamewadharau Waafrika. Tuikumbuke miaka yenyewe. Huo ni utawala wa kikoloni, Mwafrika haketi meza moja na mzungu, halafu mzungu anasimama katika kusanyiko na kusema, "Nisameheni, nilijiona bora kuliko ninyi." Festo Kivengere, aliyeokoka mwaka 1941 kule Kigezi na baadaye akawa askofu, alisimulia mara nyingi jinsi alivyoendesha baiskeli maili 50 kwenda kumwomba radhi Mwingereza aliyemchukia. Hakuna aliyemtuma. Alikwenda kwa sababu alishindwa kuomba huku chuki ile ikiwa moyoni.

Mdogo wake Nsibambi, Blasio Kigozi, alikuwa amekuja Gahini kufundisha. Alikuwa mtu wa moto, na kwa muda hakuona matunda ya kutosha. Mwaka 1935 akajifungia kwenye kibanda kwa siku kadhaa za maombi, na alipotoka watu waliona tofauti katika mahubiri yake. Septemba ya mwaka huo timu ya Gahini ikaongoza mkutano mkubwa Kabale, upande wa Uganda. Januari 1936 Blasio akawa anajiandaa kupeleka mbele ya sinodi ya Kanisa la Uganda maswali yake kuhusu ubaridi wa Kanisa, likiwemo lile la kuwaruhusu watu wanaoishi wazi katika dhambi kushiriki meza ya Bwana. Homa ikampata Kampala, na tarehe 25 Januari 1936 akafariki kabla ya kusema. Neno lake lilikuwa "Zukuka", yaani amka, na likaenea nchi nzima baada ya kifo chake kuliko ambavyo angeweza kulieneza akiwa hai.

Kisha ikaja Juni 1936. Pale Gahini watu wakaanza kulia usiku, kutetemeka, kuanguka, kuimba hadi alfajiri, wengine wakiota ndoto. Wamisionari waliingiwa na hofu, na sioni sababu ya kuwalaumu kwa hilo. Mtu yeyote aliyewahi kuongoza mkesha anajua jinsi hisia zinavyoambukiza. Kilichookoa hali ni kwamba viongozi hawakuzima na pia hawakushangilia. Walichouliza ni hiki: baada ya kulia, kimefuata nini? Na kilichofuata kilikuwa cha kushikika. Watu walirudisha vitu vilivyoibwa. Ng'ombe walirudishwa, fedha zikarudishwa, vifaa vya kazi vya mwajiri vikaletwa na wenyewe waliovichukua. Watu waliokuwa hawasalimiani wakaendeana nyumbani. Wake na waume wakaketi wakaambiana ukweli. Zakayo alifanya hivyo siku ile ile Yesu alipoingia kwake, na wala hakuambiwa.

Ng'ombe hasemi uongo. Mtu anaweza kulia mbele ya madhabahu kwa sababu ya wimbo, kwa sababu ya uchovu, au kwa sababu jirani yake analia. Lakini kuchukua ng'ombe wako mchana kweupe, ukamswaga kijiji kizima kikikutazama, ukampeleka kwa mtu na kumwambia kwamba huyu ni wako, nilikudhulumu, hilo halifanyiki kwa wimbo. Katika Rwanda ya wakati ule ng'ombe alikuwa mali, heshima na uhusiano wa mtu na mkubwa wake. Aliyemrudisha alikuwa anapoteza sehemu ya maisha yake.

Kutokana na hayo yakazaliwa mazoea ambayo ndugu wa uamsho wanayo hadi leo: kukutana kila juma, kusoma Neno, na kila mmoja kueleza hali yake, ameanguka wapi, amesamehewa nini. Waliita kutembea nuruni, kutoka 1 Yohana 1:7: "bali tukienenda nuruni, kama yeye alivyo katika nuru, twashirikiana sisi kwa sisi, na damu yake Yesu, Mwana wake, yatusafisha dhambi yote." Mwanamke alisimama na kutoa ushuhuda sawa na mwanamume, mpishi sawa na daktari. Hakuna aliyelipwa. Hakukuwa na ofisi, kadi ya uanachama wala mwanzilishi wa kuenziwa. Timu zilikwenda Kabete karibu na Nairobi mwaka 1937, na Katoke, magharibi mwa Tanganyika, mwaka 1939, kwa gharama za kujinyima.

Nataka nikae kidogo kwenye Mukono, kwa sababu pale ndipo tunaona jinsi uamsho unavyoweza kuzuiwa na pande zote mbili kwa wakati mmoja. Chuo cha theolojia cha Mukono kilikuwa kinawaandaa wachungaji wa Kanisa la Uganda. Mwaka 1941 kundi la wanafunzi waliookoka, William Nagenda akiwa mstari wa mbele, walikuwa wakiamka saa kumi alfajiri kuomba, na wakawa wanahubiri chuoni dhidi ya wizi na uzinzi waliosema umo humo, na dhidi ya mafundisho waliyoona yanapunguza nguvu ya msalaba. Mkuu wa chuo akapiga marufuku maombi yale ya alfajiri. Wao wakaona kutii ni kumkana Bwana. Oktoba 1941 wanafunzi 26 wakafukuzwa. Nagenda hakuwahi kupewa daraja la uchungaji.

Upande wa uongozi kosa naliona wazi. Walikabiliwa na swali la toba wakalijibu kama swali la nidhamu. Kama kweli kulikuwa na wizi chuoni, kanuni ya saa ya kuamka haikuwa jibu lake. Askofu Cyril Stuart, ambaye miaka michache nyuma ndiye aliyewaalika watu wa Gahini kuhubiri Mukono, alijikuta kati ya wachungaji wenye hasira na vijana wasiorudi nyuma. Uongozi wa Kanisa huogopa fujo, na hofu hiyo ina sababu zake. Lakini pale ambapo utulivu unathaminiwa kuliko ukweli, watu wenye dhambi za siri ndio wanaopumua.

Upande wa vijana nao, lazima tuseme. Kulikuwa na ukali katika namna walivyosema. Mtu aliyesamehewa jana ana hatari ya kumtazama asiyesimulia wongofu kama wake kuwa hajaokoka, hata kama ni mchungaji mzee aliyebatiza mamia. Nafasi ya kuungama iligeuka kirahisi kuwa nafasi ya kufichua wengine. Katika maisha ya ushirika wowote, kutoka "nimetenda dhambi" hadi "nyie mnatenda dhambi" ni hatua fupi sana, na aliyeivuka mara nyingi hajui.

Kilichowatofautisha na makundi mengi ya siku hizi ni walichofanya baada ya kufukuzwa. Walikuwa na kila sababu ya kuanzisha kanisa lao, na wafuasi wangewapata. Hawakuanzisha. Walibaki katika Kanisa lile lile lililowatoa, wakakaa kwenye mabenchi yake, wakaendelea kuhubiri kama walei. Na Kanisa likabadilika taratibu kutoka chini. Mei 1955, Askofu Mkuu wa Canterbury, Geoffrey Fisher, alipowaweka wakfu maaskofu Waafrika pale Namirembe, mmoja wao alikuwa Obadiah Kariuki, mtu wa uamsho kutoka Kenya. Ninaitaja hii kama alama ya uamsho wa kweli bila kusita: ulivumilia kudharauliwa na mama yake bila kumkimbia.

Mahali pengine haikuwa hivyo. Huko Nyanza, Kenya, ushirika wa Jo-Remo, yaani watu wa damu, ulionekana na wengine kuwa umejitenga na kuhukumu; mvutano ukakua hadi mwaka 1957 kundi la waliowapinga, Johera, yaani watu wa upendo, likiongozwa na Matthew Ajuoga likajitoa katika Kanisa la Anglikana na kuunda Church of Christ in Africa. Uganda nako, miaka ya 1960 na mwanzoni mwa 1970, wakatokea waliojiita walioamka upya, wakiwataka ndugu waachane na madeni na mambo mengi yaliyoonekana ni ya anasa, na wasiokubali wakahesabiwa wamelala. Sipendi kuingia katika kila jambo walilokataa. Ninachoona ni kwamba kitu ambacho kwa Kinuka kilikuwa tunda, kwa kizazi kilichofuata kiligeuzwa kuwa kipimo. Mtu wa kwanza alilipa deni lake kwa sababu Roho alimsumbua usiku. Mtu wa tatu analipa kwa sababu asipolipa hatapewa nafasi ya kusema kwenye mkutano wa ushirika wa Ijumaa. Kwa nje wote wawili wamelipa. Na ushuhuda wenyewe ukapata maneno yake ya kukariri, hata mtoto wa mlokole anaweza kuutoa bila moyo wake kupondeka hata kidogo.

Hayo yote, hata hivyo, ni makovu ya kawaida ya uamsho wowote. Jambo zito zaidi ni Rwanda yenyewe.

Miaka ile ile ambayo watu wa Gahini walikuwa wakisimama kuungama, 1933 na 1934, utawala wa Kibelgiji ulikuwa ukifanya sensa na kuwagawia Wanyarwanda vitambulisho vilivyoandikwa Mhutu, Mtutsi au Mtwa. Machifu Wahutu walikuwa wameondolewa, vyeo na shule nzuri vikaelekezwa kwa Watutsi. Jambo hili halikuwa siri. Lilikuwa mfumo wa maisha. Katika ushirika wa uamsho Mhutu na Mtutsi waliketi pamoja, wakaombana radhi, wakala pamoja, na hilo lilikuwa jambo kubwa. Lakini dhambi zilizoletwa nuruni zilikuwa dhambi za mtu mmoja mmoja: wizi wangu, uzinzi wangu, pombe yangu, hasira yangu kwa jirani yangu. Kadi iliyo mfukoni, inayomfungulia huyu mlango na kumfungia yule, haikuwa na mtu wa kuitubia kwa sababu hakuna mtu mmoja aliyeitenda. Watutsi waliookoka walitubu mengi, lakini nafasi waliyopewa na mfumo ule ilibaki bila kuulizwa, na wamisionari ambao shule zao zilihudumia mfumo huo nao wakaiacha. Baada ya mapinduzi ya 1959 mizani ikageuka. Watutsi wengi, wakiwemo ndugu wa uamsho, wakauawa au wakakimbilia Uganda, Burundi na Tanganyika. Wahutu wakashika nafasi, na Kanisa, likiwemo la Anglikana, likazoea kukaa karibu na wenye madaraka wapya kama lilivyokaa karibu na wale wa zamani.

Kisha ikaja Aprili 1994. Takribani watu 800,000 waliuawa katika siku 100, wengi wao Watutsi, wengine ndani ya makanisa walikokimbilia. Walioua na waliouawa, wengi wao walikuwa wamebatizwa. Viongozi wa makanisa, Waanglikana nao wamo, walishindwa kuilaani serikali, na Samuel Musabyimana, aliyekuwa askofu wa Shyogwe, alishtakiwa katika mahakama ya Arusha akafariki mwaka 2003 kabla kesi yake haijasikilizwa.

Kuna watu wanaotumia habari hii kusema kwamba uamsho wa Gahini ulikuwa bure. Nawapinga kwa moyo wangu wote. Kati ya 1936 na 1994 ni karibu miaka 60. Wengi wa walioua hawakuwahi kuguswa na uamsho ule, na wengi wa walioguswa walikuwa wamekufa au wako uhamishoni. Israel Havugimana, Mhutu aliyeongoza nchini Rwanda huduma ya African Enterprise, huduma ile ile ambayo Kivengere aliiongoza Afrika Mashariki, alikuwa akihubiri upatanisho wa makabila, na aliuawa katika siku za mwanzo kabisa za mauaji. Mzizi haukuwa umekufa. Lakini siwezi pia kukubaliana na ndugu wanaosema 1994 haituhusu kwa kuwa waliookoka kweli hawakuua. Walioogopa kusema walikuwa wengi mno, na kutosema huko kulikuwa na historia.

Linganisha na Wakikuyu. Mwaka 1952 ilipotangazwa hali ya hatari Kenya, ndugu wa uamsho huko Fort Hall na Kiambu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, wakisema wameshakombolewa kwa damu ya Yesu na hawawezi kuinywa nyingine. Wengi wao wakakataa pia kubeba bunduki za walinzi wa serikali, hata walipotishiwa na pande zote mbili. Baadhi waliuawa. Wapo wanaowalaumu hadi leo kwa kutosimama na wapigania ardhi, na malalamiko hayo yana haki yake, maana wizi wa ardhi uliofanywa na walowezi ulikuwa dhambi ambayo mahubiri ya uamsho hayakuigusa sana. Ila katika jambo moja walikuwa wamekwisha kujua wafanye nini: kabila lao lilipowadai damu, walikuwa na familia nyingine.

Uganda nako somo lilifika kwa gharama. Janani Luwum, aliyeokoka mwaka 1948 kwa mahubiri ya uamsho kule Acholi, alikuwa Askofu Mkuu wakati wa Idi Amin. Februari 1977 maaskofu walimwandikia Amin barua wakipinga mauaji na uonevu wa vyombo vyake. Tarehe 16 mwezi huo Luwum akauawa. Kivengere, aliyekuwa askofu wa Kigezi, alitoroka kwa miguu kuvuka milima hadi Rwanda. Hawa walikuwa watoto wa mkutano ule ule wa kuungama, waliozoea kutaja dhambi kwa jina, na kwa wakati ule waliitaja ya ikulu. Kwa hiyo siwezi kusema uamsho wa namna hii kwa asili yake hauwezi kugusa dhambi ya taifa. Uliweza, pale ambapo nuru iliruhusiwa kufika huko.

Ndiyo maana swali ninalolibeba kwa makanisa yetu ni hili: ni kitu gani katika ushirika wetu hakiruhusiwi kuungamwa? Kwa kawaida kuna orodha ambayo kila mlokole anaijua, na mtu akiitaja mojawapo watu huimba. Halafu kuna mambo ambayo mtu akiyataja watu hunyamaza, wakatazamana. Kwamba baraza la wazee wote wanatoka ukoo mmoja. Kwamba mchungaji wa kabila fulani hawezi kupelekwa dayosisi fulani. Kwamba kiwanja cha kanisa kilipatikana kwa njia isiyo ya haki, au kwamba sadaka kubwa kuliko zote inatoka kwa mtu ambaye kila mmoja anajua mali yake imetoka wapi. Usharika unaweza kufanya mkesha kila mwezi, watu wakatubu uongo na ulevi kwa machozi ya kweli kabisa, na jambo lile likakaa pale pale miaka 30. Nadhani hicho ndicho kizuizi kikubwa kuliko baridi, kuliko pesa, kuliko hata mafundisho potofu, kwa sababu kinakaa salama katikati ya watu wanaotubu.

Desemba 1996 Wakristo kadhaa wa Rwanda, Wahutu na Watutsi, pamoja na watu wa Ulaya, walikutana Detmold, Ujerumani, wakatoa ungamo la pamoja. Wahutu waliomba msamaha kwa mauaji ya kimbari. Watutsi waliomba msamaha kwa dharau na ukandamizaji wa zamani na kwa visasi. Watu wa Magharibi waliomba msamaha kwa kuwagawa Wanyarwanda na kwa kuwaacha wafe. Walipingwa vikali, hasa kwa hoja kwamba mtu hawezi kutubu kwa niaba ya kabila zima, na kwamba kuweka makosa hayo kwenye karatasi moja kunafanya yaonekane sawa wakati hayako sawa. Hoja hizo ni za haki, na mimi naikubali zaidi ile ya pili. Lakini lile neno lililokosekana pale Gahini mwaka 1933 lilikuwa limesemwa hatimaye kwa sauti, na Wanyarwanda wenyewe, mbele ya wale waliokosewa.